Maneno ya Hannah Yaliyokatwa

Acton, London
21 Oktoba 1973

Dada Enid,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye moshi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba miguu ya Mama imepunguza kuvimba. Mimi sijambo, ukiacha kikohozi. Mwenye nyumba wangu, Bibi Pargeter, bado anachemsha kabichi tangu asubuhi mpaka jioni kama vile analiadhibu.

Sasa tafuta kiti ukae. Nimepata kazi, na safari hii si ya polisi anayepiga hodi, akavua kofia na kutoka. Wanatengeneza ile riwaya ya *Watu wa Scarcote* kwa ajili ya televisheni, sehemu sita, kila Jumapili jioni, na mimi ndiye Jabez Crowther. Ndiyo, Jabez yule yule mwenye kiwanda, baba yake Hannah, ambaye ulikuwa ukinisomea habari zake jikoni, na usiku nikajifunika shuka mpaka utosini. Nina miaka arobaini na saba na ndiyo mara yangu ya kwanza kupewa mtu mwenye jina na ukoo.

Mwongozaji anaitwa Julian Fane, kijana wa Oxford anayevaa skafu hata ndani ya nyumba. Jana aliniuliza, "Eti Cyril, watu wa kwenu kaskazini hufanyaje wakikasirika?"

Nikamwambia, "Hawafanyi kitu. Hapo ndipo unapotakiwa kuogopa."

Akaandika maneno hayo kwenye karatasi yake. Nimefurahi mpaka silali vizuri. Natembea chumbani, naongea peke yangu, na Bibi Pargeter anagonga dari kwa ufagio.

Usimwambie Mama kwanza, mpaka nitie saini. Au mwambie tu.

Nduguyo,
Cyril


Todmorden
6 Novemba 1973

Mdogo wangu Cyril,

Tumepokea barua yako na tumefurahi. Mama nilimwambia siku ile ile. Akauliza kama utavaa fulana ya ndani, maana amesikia studio zina baridi. Miguu yake ni vile vile. Naifunga bandeji asubuhi kabla sijaenda ofisini kwetu kiwandani na kuifungua jioni, naye ananiambia kila siku kwamba nakaza mno. Jana watoto waliwasha moto wao wa kila Novemba uwanjani, na keki yangu ya tangawizi ikatoka ngumu kama tofali. Kiwandani watu wanasema makaa yatakuwa shida majira haya ya baridi. Mtu hatulii, kila mmoja ana uvumi wake.

Hongera kwa Jabez. Lakini nasema mapema, kwa sababu nawajua hao watu wa televisheni. Juzijuzi walichukua riwaya nyingine nzuri wakaifanya maonyesho ya kofia. Kila mtu safi, kila mtu amechana nywele, mvua inanyesha mahali wanapotaka tu. Magazeti yanasema hakuna nchi inayotengeneza michezo bora kuliko sisi. Sawa, labda. Lakini kutamka vizuri si sawa na kusoma vizuri.

Wakate mafuriko wakitaka. Wakate ndoa ya kasisi, hata mimi huiruka. Ila sura ya kumi na tisa isiguswe. Ile ambayo Hannah amevaa koti, mfuko mkononi, baba yake kaziba mlango, naye anamjibu. Ukurasa mzima na nusu anamjibu. Naijua kwa ghibu tangu nina miaka ishirini. Niambie kama ipo.

Mama anakusalimu. Anasema uache sigara.

Dada yako,
Enid


Acton
9 Desemba 1973

Dada Enid,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie fulana nimevaa, mbili, na jasho limenimaliza, maana taa za studio zinaweza kukaanga samaki.

Tumemaliza kurekodi. Ungeona ungecheka. Jumba la Jabez ni mbao na karatasi. Ukifunga mlango kwa hasira, ukuta wa mawe unatikisika kama shati kwenye kamba. Kwa hiyo nimecheza mtu katili anayefunga milango polepole, na Julian anasema hilo limemfanya Jabez atishe zaidi. Hannah ni binti mmoja anaitwa Imogen Lisle, mwembamba, macho makubwa, hajawahi kuosha sahani maishani mwake, lakini anajua kazi. Akikutazama unasahau kwamba kuna kamera tatu na mtu anayekula sambusa ya nyama nyuma ya kabati.

Kuna siku moja, Dada. Sitakwambia ni tukio gani. Tulipomaliza, hata yule wa sambusa alikuwa ameacha kutafuna. Julian akashuka ngazi kutoka chumba cha juu anakoongozea, akanishika mkono. Miaka yote hii ya kubeba trei na kufungua milango ya magari, nilikuwa naingoja dakika ile.

Kuhusu swali lako la sura ya kumi na tisa: utaona mwenyewe. Nisikuharibie utamu.

Inaanza Jumapili ya kwanza ya Januari. Krismasi sitaweza kuja, nina kazi ndogo ya redio.

Cyril


Acton
3 Februari 1974

Dada,

Hamjambo? Mama je? Nasikia mnafanya kazi siku tatu tu kwa wiki kwa sababu ya uhaba wa umeme. Hapa maduka yanauza kwa mishumaa, na Bibi Pargeter analala na koti.

Sehemu ya nne imepita Jumapili iliyopita, na wewe kimya. Ya kwanza uliniandikia kadi. Ya pili na ya tatu ukaniambia Mama kasema nimenenepa. Hii ya nne, hakuna.

Sitaki kujisifu, lakini gazeti moja limeandika kwamba tangu televisheni ianze hapa nchini halijaona mlango ukizibwa namna ile. Lingine limesema ni ushahidi kwamba mchezo mzuri hauhitaji maneno. Watu wananisimamisha sokoni. Mwanamke mmoja alikataa kuniuzia vitunguu! "Wewe ndiye yule baba," akasema. "Nenda kwa mwingine."

Lakini wewe ndiye uliyenisomea kitabu hicho. Niambie basi. Umeonaje?

Cyril


Todmorden
12 Februari 1974

Cyril,

Sisi hatujambo. Makaa yapo kidogo. Mama ana mafua, hataki supu ya kopo, anataka ya mifupa, na mchinjaji hana mifupa. Nilikuwa na kazi, ndiyo maana sikuandika.

Unataka kujua tumeonaje. Viatu vya soli ya mbao walivyovaa wafanyakazi vilikuwa vipya. Hakuna mtu aliyevaa viatu vipya Scarcote. Yule kasisi anaongea kama mtu wa Surrey, huko kusini. Matope hayakuwa matope, yalikuwa kahawa. Nguo za Imogen Lisle ni nzuri.

Uliniambia Desemba kwamba sura ya kumi na tisa nitaiona mwenyewe. Nimeiona.

Nani aliyemnyamazisha Hannah? Kama ni yule kijana wa skafu, niambie. Nataka kujua jina tu.

Enid


Acton
17 Februari 1974

Dada Enid,

Pole kwa mafua ya Mama. Nimetuma kifurushi, kuna chai na mifupa miwili iliyofungwa vizuri. Kama inanuka ikifika, usinilaumu mimi, laumu posta.

Umenishangaza. Unauliza kama mtu anayetafuta mwizi. Si Julian. Ni mimi. Tena nilidhani utafurahi!

Ilikuwa hivi. Tulifanya mazoezi ya tukio lile siku tatu na halikusimama. Imogen anasema ukurasa wake na nusu, maneno mazuri, na mimi nimesimama kama nguzo ya taa nikingoja amalize. Julian anang'ata kucha. Ndipo nikakumbuka jikoni kwetu. Nadhani nilikuwa na miaka kumi na minne, wakati wa vita. Wewe umevaa koti la bluu. Baba amesimama ameegemea mlango wa nyuma. Hapigi kelele. Anavua miwani, anaisafisha kwa tai yake, kioo kimoja halafu cha pili, anaivaa tena, anasema, "Chai inapoa." Na wewe ukavua koti ukakaa mezani. Mimi nilikuwa kwenye ngazi. Nywele zilinisimama na sikujua kwa nini. Siku zote nimedhani ulikuwa unataka kwenda dansi.

Basi nikamwambia Julian, "Mwache binti asiseme neno. Nipe miwani na kikombe cha chai." Tukajaribu mara moja. Ndiyo hiyo uliyoiona.

Nilimchukua Baba mzima mzima, Dada. Mabega, tai, sauti. Ndicho kitu bora nilichowahi kufanya, na kimetoka nyumbani kwetu. Sasa niambie kosa liko wapi.

Cyril


Todmorden
10 Machi 1974

Cyril,

Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi. Mifupa ilifika, asante, Mama alikunywa supu. Mafua yamekwisha.

Haikuwa dansi.

Kulikuwa na mtu anaitwa Stanley Helliwell. Wewe humkumbuki, alikuwa fundi wa mashine pale kiwandani, mtu wa kucheka, masikio makubwa. Alipata kazi kiwanda cha ndege Coventry, nami nilikuwa nifuatane naye tukafunge ndoa kule. Tulipatana tukutane stesheni. Nilikuwa nimefunga mfuko. Baba alisikia kutoka kwa mtu wa kanisani. Unaijua sehemu iliyobaki, maana umeionyesha nchi nzima.

Stanley aliacha treni ya kwanza ikaondoka bila yeye. Ya pili akapanda. Aliniandikia mara moja na sikumjibu, kwa sababu ningemwambia nini? Kwamba sikufungiwa kwa kufuli? Kwamba hakuna mtu aliyenipiga? Mzee alisema chai inapoa, nikakaa nikanywa chai. Nilikuwa na miaka ishirini.

Baada ya hapo ndipo nilipokichukua kile kitabu tena na kuisoma sura ya kumi na tisa mpaka kurasa zikalegea. Hannah alisema yote. Yote, Cyril, kwa mpangilio, bila kulia. Mimi nilikuwa na ukurasa mmoja na nusu duniani wa kukimbilia, na wewe umeenda London ukaukata, ukaniweka mimi pale na koti langu, nikiwa bubu, watu milioni kadhaa wakitazama na kunywa kakao. Na magazeti yanasema ni uzuri.

Ni uzuri. Hilo nitakupa, maana umeniomba tangu Februari. Ilikuwa kweli tupu. Nilinusa tumbaku yake. Ningekuwa sikujui ningekuandikia barua ya pongezi.

Lakini hilo si jambo nililotaka kukuandikia. Tulikuwa tumekaa, Mama kwenye kiti chake, mimi kwenye stuli na bandeji zake mapajani. Ulipovua ile miwani, mikono yangu ikasimama. Ulipoanza kuisafisha, Mama akainama mbele kwenye kiti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea na Baba mwenyewe pale chumbani:

"Mwache aende, Herbert."

Nikamtazama. Hakunitazama. Tukaangalia mpaka majina yenu yakapita yote, na wa umeme, na wa nywele.

Asubuhi nikamuuliza. Nikamwambia, "Mama, siku ile ulikuwepo. Ulikuwa jikoni. Mbona hukusema?"

Akasema, "Nilikuwa nakoroga mchuzi. Ungeshika chini."

Tangu siku hiyo naifunga miguu yake na mikono inanitetemeka. Nimekaa na hasira kwa Baba miaka thelathini na kitu na nilishaizoea, kama mtu anavyozoea jiwe kiatuni. Hii ya Mama ni mpya. Naogopa nitakaza bandeji siku moja kwa makusudi.

Enid


Acton
18 Machi 1974

Dada yangu,

Nimesoma barua yako kwenye basi, nikapitiliza kituo, nikaisoma tena nikirudi kwa miguu. Sina la kusema ambalo halitasikika kama limeandikwa na mtu mwingine. Sikujua. Nilikuwa kwenye ngazi, mtoto, na baadaye nilipokuwa mkubwa sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungenichelewesha kuondoka.

Nilikwenda kwa mtayarishaji wetu, Bwana Osgood, nikamuuliza kama mchezo utarudiwa, nikifikiri labda, sijui, nitamwomba wasirudie sehemu ya nne. Akacheka. "Kurudiwa? Kanda zimeshafutwa, mzee. Tunarekodia mpira juu yake." Nilisimama pale koridoni na sikujua kama nishukuru au nilie. Kazi yote ile ya Imogen, na yangu, na ya mshonaji aliyepofuka kwa vishikizo, imekuwa mechi ya Leeds dhidi ya mtu fulani.

Amenipa kazi nyingine. Riwaya nyingine ya zamani, nitakuwa mchungaji mwenye watoto saba, mtu mkubwa, sehemu kumi. Mazoezi yanaanza Jumatatu ya mwisho ya Aprili. Nilitakiwa nifurahi. Nazunguka chumba kama panya aliyenusa mtego.

Niambie unataka nifanye nini. Nitafanya.

Cyril


Todmorden
24 Machi 1974

Cyril,

Njoo ukae na Mama. Njoo Jumamosi ya kwanza ya Aprili, treni ya asubuhi. Muriel, yule niliyekuwa naye shule, ana nyumba ya wageni Aberystwyth, pwani ya Wales, na miaka yote ananiita. Naenda wiki tatu. Ofisini nimeshaomba.

Bandeji ziko droo ya juu. Usikaze.

Enid


Todmorden
18 Aprili 1974

Dada Enid,

Salamu kutoka jikoni kwako. Natumaini bahari inakupa usingizi, na Muriel hakuchoshi kwa maneno. Sisi tuko hai. Nimeunguza sufuria mbili, ile ndogo nimeizika bustanini kwa aibu. Majirani wanapita dirishani polepole kumwona Jabez Crowther akianika soksi za mamaye. Mke wa mchinjaji ameniuliza kama nina roho. Mifupa amenipa, lakini.

Mama ni mkali kuliko mwongozaji yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Natembea kwa kelele, nakata mkate kama mtu wa London, na bandeji nafunga kama nafunga zawadi. Jana nikiwa nimepiga magoti miguuni pake akasema bila kuulizwa, "Ulikosea kwenye ile televisheni."

"Nimekosea wapi, Mama?"

"Mikono. Wewe yako ilitulia. Yake ilikuwa inatetemeka. Ndiyo maana alivua miwani. Alikuwa anatafuta pa kuiweka mikono."

Nikasubiri aendelee. Akaomba biskuti.

Usiku nimejilaza chumbani kwangu kwa zamani, miguu inatokeza nje ya kitanda, nikafikiria hilo. Kwamba nilimchukua mzima mzima, na kitu chenyewe nilikikosa. Kwamba labda mzee naye aliogopa. Nimeona nikwambie, uamue mwenyewe kama kuna faida.

Treni yako ni ya Jumamosi tarehe 27, sivyo? Nitakuja stesheni kukupokea. Mazoezi yangu yanaanza Jumatatu yake, kwa hiyo nitaondoka Jumapili mchana. Nimekuachia pai.

Cyril


Aberystwyth
22 Aprili 1974

Mdogo wangu Cyril,

Asante kwa barua na kwa habari za sufuria. Muriel hajambo, anaongea mchana kutwa na sisikilizi, tunaelewana sana. Nalala na dirisha wazi. Nimeungua pua kwa jua, katika umri wangu!

Kuhusu mikono ya Baba. Nimelifikiria siku mbili, nikitembea ufukweni mpaka viatu vikajaa mchanga. Huenda ilitetemeka. Mama alikuwa karibu kuliko mimi, siwezi kumbishia. Lakini mkono wa mtu ukitetemeka na mlango umefungwa, mlango bado umefungwa. Nimeshamwonea huruma Baba vya kutosha. Nilimwosha na kumlisha mwaka wake wa mwisho wakati wewe ulikuwa unabeba trei huko Brighton. Sasa nimechoka kuonea watu huruma, hasa waliokaa kimya.

Sirudi Jumamosi. Wala ile inayofuata. Muriel anahitaji mtu wa hesabu na wa kupokea wageni mpaka Septemba, na nimemwambia ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Najua kuhusu mchungaji wako na watoto wake saba. Najua umengoja. Mwandikie Bwana Osgood, au usimwandikie, tafuta mwanamke wa kukaa na Mama, au kaa wewe. Hayo ni yenu wawili, mkae mezani mzungumze. Mchinjaji hufunga Jumanne mchana. Mama akikataa dawa, usimbembeleze, iweke tu karibu na mkono na uondoke. Nitamwandikia yeye mwenyewe nikiwa tayari. Bado.

Jana jioni kulikuwa na wageni sebuleni, mwalimu mstaafu na mkewe kutoka Shrewsbury, wanabishana kuhusu michezo ya televisheni. Mume anasema siku hizi ni takataka tupu. Mke anasema hapana, kulikuwa na ile ya Scarcote wakati wa baridi, yule mwigizaji aliyekuwa baba, hajaona mtu anayecheza vile, atafika mbali sana. Akanigeukia. "Wewe uliitazama?"

Nikamwambia, "Huyo namfahamu. Siku hizi haonekani kwenye televisheni. Yuko nyumbani, anamtunza mama yake."

"Oh," akasema, "mtu mzuri kumbe."

Nikawamiminia chai, nikatoka nje kutembea.

Dada yako,
Enid